Sindano za Botox na fila usoni, nina miaka 47, naombeni ushauri kabla sijatuma advansi

MamaBiharusi_Tabata

Habari zenu wadau. Nina miaka 47, naishi Tabata, binti yangu wa kwanza ana sendoff mwishoni mwa mwezi ujao na mimi ndo mama mtu kwa hiyo nitapigwa picha mpaka nichoke. Nimepungua mwili mwaka huu, nilikuwa bonge haswa, nikakata wanga na kuanza kutembea jioni, mwili nimeupenda ila uso umenishuka jamani. Mashavu yameingia ndani, kati ya nyusi nina ndita mbili hata nikiwa nimefurahi watu wananiuliza mama mbona umenuna, na chini ya macho ndo usiseme.

Sasa kwenye grupu la wasap la kamati kuna mdada kaniunganisha na mtaalamu ambae anakuja kutoka nje, anafikia apatimenti moja Mbezi Beach wikiendi moja tu kisha anaondoka, anachoma Botox na fila uso mzima kwa laki sita, mkienda watano mnapunguziwa, na ili ushikiwe nafasi unatanguliza laki mbili kwa simu. Picha za kabla na baada nimetumiwa na watu wamependeza kweli sio siri. Dawa anakuja nazo mwenyewe kwenye begi.

Naombeni mnisaidie, hivi Botox na fila ni kitu kimoja au ni viwili, kwa shida yangu kipi kinanifaa, na sisi wenye ngozi nyeusi hazituachii madoa? Niongeze tu kwamba natumia dawa za presha. Matusi sitaki, wa kunicheka anicheke kimoyomoyo.

Mtani wa Buguruni

Shem kwani mzee nyumbani kalalamika? Au ni kamati ya upande wa pili ndo inakutisha 😂 Nakaa hapa pembeni nasubiri wataalamu.

NesiUpanga

Hongera kwa sendoff dada. Mi ni nesi, nimekaa kliniki ya ngozi miaka mingi, ntaandika kwa kirefu uvumilie.

Botox na fila ni vitu viwili tofauti kabisa, watu wa mtandaoni wanavichanganya makusudi ili wakuuzie kifurushi. Botox ni jina la biashara ila limeshakuwa la wote, dawa yenyewe ni sumu ya botulinamu aina A iliyochujwa na kupimwa kwa kiwango kidogo sana. Inachomwa kwenye msuli, inazuia neva isitoe asetilikolini ambayo ndo inauamrisha msuli ukaze, basi msuli unalegea na ngozi ya juu yake inatulia. Kwa hiyo kazi yake ni mikunjo inayoletwa na kukunja uso, yani ndita, mistari ya paji la uso na ile ya pembeni ya macho ukicheka. Haijazi kitu. Shavu lililoingia ndani hata wakumiminie chupa nzima halitatoka, zaidi utaharibu tabasamu lako uanze kucheka upande mmoja.

Fila ndo inajaza. Ni jeli, nyingi sa hivi ni za asidi ya haialuroniki ambayo hata mwili wenyewe unayo, Juvéderm na Restylane ziko kundi hilo. Zinakaa miezi 6 mpaka 18 hivi kutegemea aina na sehemu iliyowekwa. Botox inakaa miezi 3 mpaka 4 uso unarudi kama ulivyokuwa.

Kwa ulivyojieleza, ndita zinaenda Botox na mashavu yanaenda fila. Chini ya macho mi ningekuomba uache kabisa kwa sasa, pale ngozi ni nyembamba mno na jeli huwa inavuta maji, wapo waliotoka wamependeza halafu baadae wakaamka na vifuko vikubwa kuliko walivyokuja navyo, hata madaktari wenye mkono mzuri wanapaogopa.

Na kitu kimoja kuhusu hizo ndita, kama zinaonekana hata uso ukiwa umetulia maana yake ngozi imeshashika mkunjo kama kanga iliyokaa kabatini mwaka mzima, Botox itazipunguza lakini usitegemee zifutike zote kwa mara ya kwanza.

Sasa hiyo laki sita. Botox huwa inahesabiwa kwa yuniti, habari za uso mzima hazipo. Kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya dawa kwa ndita ni yuniti 20, yani sehemu tano, kila sehemu yuniti nne, pembeni ya macho ni 24 pande zote mbili. Tena ukikutana na Dysport, dawa ya aina hiyohiyo ila jina lingine, hesabu inabadilika, ndita ni 50, kwa hiyo mtu akikwambia nakuchoma yuniti 50 bila kutaja jina la dawa bado hajakwambia kitu. Fila nazo kwa kawaida zinakuja sirinji ya mililita moja. Kijiko cha chai ni mililita tano, we jiulize hiyo mililita moja itajaza mashavu mawili na chini ya macho na bado ibaki ya midomo? Ama anaongezea maji au ni kitu kingine kabisa.

Kisura wa Sinza

Nesi kamaliza. Mi niongeze yaliyonipata. Botox nimechoma mara kadhaa na naipenda sitaki kudanganya, ila kuna mara moja nilienda sehemu hapahapa Dar sitaitaja, bei ilikuwa nafuu, wakachoma karibu mno na nyusi, baada ya siku chache kope la kushoto likashuka. Nilikuwa naendesha gari nimeinua kidevu kama askari wa gwaride. Nikaenda kwa daktari wa macho akanipa matone yakasaidia kidogo tu, akaniambia ukweli, Botox haina dawa ya kuitoa, unasubiri iishe yenyewe. Ilichukua wiki kadhaa. Sasa we una sendoff, fikiria likutokee hilo wiki ya shughuli na MC anakuita mbele.

Ila pia watu wasikutishe sana, ikichomwa na mtu anaejua ni kitu cha dakika kumi, unaumia kama kung'atwa na siafu basi.

Mzee Kijiweni

Mimi ntasema nikitukanwa sawa. Mama yetu aliingia ukumbini na mikunjo yake, kavaa kitenge, watu wakasimama. Leo mnajichoma sumu ya usoni ili mfanane na wanenu. Hiyo botulinamu si ndo ile inayoua watu wakila nyama ya kopo iliyoharibika? Jibuni hilo.

Mfamasia_K

Mzee shikamoo. Ni ileile kweli, bakteria anaitwa Clostridium botulinum, na ukiila kwenye chakula kilichoharibika inaweza kupooza mpaka misuli ya kupumua. Ila nyingi ya dawa tunazokupa hospitali ni sumu zikizidi, hata za moyo. Hii ilianza kwa ugonjwa wala sio urembo. Marekani iliruhusiwa mwaka 1989 kwa makengeza na kwa macho yanayofumba yenyewe bila mwenyewe kutaka. Canada kule Vancouver kulikuwa na daktari wa macho anaitwa Jean Carruthers, alikuwa anawachoma wagonjwa wa macho, akaona mikunjo kati ya nyusi inapotea, na mume wake Alastair alikuwa daktari wa ngozi, wakakaa wakaunganisha mambo wakachapisha mwaka 1992, halafu 2002 ndo ikaruhusiwa rasmi Marekani kwa ndita. Mpaka leo inatumika kwa kipandauso sugu, kwa watoto wenye mtindio wa ubongo ambao misuli imekaza, na kwa watu wanaotoka jasho la kwapa kupita kiasi. Kwa hiyo sumu ni kweli, ila inategemea kipimo na mkono wa anaechoma.

Sasa nirudi kwa mama. Kilichonishtua mimi kwenye maelezo yako wala sio bei, ni BEGI. Botox inatunzwa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8. Inakuja kama unga mkavu kwenye kichupa, unachanganywa na maji ya chumvi ya hospitali, na ukishachanganywa unarudi kwenye friji na unatakiwa utumike ndani ya masaa 24. Ipo aina moja Xeomin ambayo kichupa kikiwa hakijafunguliwa kinaweza kukaa nje ya friji lakini isizidi nyuzi 25, sasa niambieni Dar hii ya Januari nyuzi 25 mtaipata wapi, labda ndani ya kiyoyozi na umeme usikatike. Dawa ikipata joto haibadiliki rangi wala harufu, inachomwa vizuri tu, halafu haifanyi kazi, na mtaalamu atakuwa ameshapanda ndege.

Feki nazo zipo dunia nzima. 2024 Marekani kwenyewe walitoa tahadhari, watu wa majimbo kadhaa waliugua baada ya kuchomwa Botox za bandia au zilizotunzwa vibaya, wengine walichomewa majumbani na kwenye maspaa, na wapo waliolazwa. Kama kule imepenya hapa kwetu apatimenti ya Mbezi itashindikana nini.

Dawa zote za kuchoma ziko chini ya TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Watu wengi wanachanganya, vipodozi vilihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019 lakini sindano ni dawa na fila ni kifaa tiba, hizo ni za TMDA. Na anaechoma awe amesajiliwa, kama ni daktari ni Baraza la Madaktari Tanganyika, hata akitoka nje ya nchi anatakiwa apate kibali cha kutibu hapa. Leseni ya saluni haimruhusu mtu kukudunga sindano, hata aitundike ukutani na fremu ya dhahabu.

BintiMasaki

Jamani mnatisha watu, mnafanya ionekane kama ni kwenda kufa. Mi nina fila ya mashavu na midomo mwaka wa pili huu, nilifanyiwa na daktari, na hakuna anaejua, wanasema tu nimenawiri. Dada wa watu kapungua kilo, kajitahidi, anataka ajisikie vizuri siku ya mwanae kuna dhambi gani? Fila ni salama, sio kila kitu mnaleta habari za sumu.

NesiUpanga

BintiMasaki umesema ulifanyiwa na daktari, na mi ndo ninachokisema hichohicho. Ila kati ya hizo mbili, fila ndo inayonitia hofu zaidi mimi, Botox ikikosewa unasubiri inaisha, fila ikikosewa hausubiri. Usoni kuna mishipa ya damu mingi, sindano ikiingia ndani ya mshipa jeli inauziba, ngozi ya eneo lile inakosa damu. Unaona imekuwa nyeupe ghafla, au imefanya mtandao wa madoa ya zambarau, au maumivu makali yasiyo ya kawaida. Kwa ngozi yetu nyeusi ule weupe ni mgumu kuuona, anaejua anabonyeza kwa kidole aone damu inarudi haraka kiasi gani. Ikiachwa ngozi inakufa, inakuwa nyeusi na kidonda. Na mishipa ya kati ya nyusi na ya pua imeungana na ya jicho, kuna watu wamepofuka palepale kwenye kiti. Haitokei mara nyingi. Ila ikitokea kuna dawa inaitwa hialuronidezi inayoyeyusha jeli ya haialuroniki, na inatakiwa ichomwe haraka, usiambiwe njoo kesho.

Kwa hiyo mama, swali moja la kumuuliza huyo mtaalamu kabla ya bei: hialuronidezi unayo hapo chumbani? Akikuuliza ndo nini, chukua pochi yako uondoke. Halafu anaondoka Jumapili, Jumatatu ukiamka na doa unampigia nani?

Na usikubali kitu kinaitwa fila ya kudumu, hasa silikoni ya maji. Hiyo haiyeyuki, inafanya vinundu, inahama, na kuitoa ni kisu. Wapo wanaonunua hata zile peni za kusukumia fila bila sindano wanajipiga wenyewe nyumbani, Marekani walishaonya mwaka 2021 watu waache.

MamaBiharusi_Tabata

Asanteni jamani nimesoma yote mpaka chai imepoa. Nimemuandikia yule mdada, nikamuuliza jina la dawa na nikaomba picha ya kichupa chenye namba ya toleo. Kajibu eti ni ya Korea ni kali kuliko Botox, picha hawezi kutuma mana ni siri ya biashara. Nikamuuliza hiyo hialu hialu ya Nesi, kaniambia dada una maswali mengi kama TRA, nafasi zinaisha. Laki mbili sijatuma.

Sasa nibaki na ndita tu, mashavu nitajua mbele ya safari. Je muda upo? Na lile swali la madoa hakuna aliyenijibu.

Mama Shazia

Ngoja nikujibu la madoa mi nimesumbuka nayo. Ngozi nyeusi inazeeka tofauti na ya wazungu. Melanini inatusaidia, mikunjo midogomidogo inachelewa sana kwetu, ndo mana unaona bibi wa miaka 70 uso laini. Sisi kinachotuzeesha ni mashavu kushuka, nyama ya uso kupungua, na rangi kutokuwa sawa, madoa ya jua, weusi wa mashavuni. Sindano yenyewe ni nyembamba, ukivimba au ukivilia damu panaweza kubaki alama nyeusi kwa wiki kadhaa ila kwa kawaida inafifia. Kama unatoka makovu ya keloidi, yale yanayovimba na kukua, mwambie daktari mapema.

Na niulize bila kukukwaza, uliwahi kupaka mkorogo? Zile krimu zenye steroidi zinafanya ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya maandazi, damu inavilia kwa kitu kidogo. Sema ukweli kwa daktari, hakuna atakaekuhukumu.

Mi daktari wa ngozi aliniambia kabla ya sindano yoyote anza na losheni ya kuzuia jua, SPF 30 kwenda juu, kila siku hata kukiwa na mawingu, na ile yenye rangi rangi ndo nzuri zaidi kwa madoa yetu mana ina madini ya chuma yanayozuia na mwanga wa kawaida. Watu wanasema losheni za jua ni za wazungu, wakati hapo Moshi hospitali ya KCMC wanatengeneza yao, Kilisun, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa hiyo sio kitu kigeni. Usiku akanipa tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, kidogo sana, usiku mmoja mmoja, mwanzoni inababua na inachubua. Nimekaa miezi ndo nikaona tofauti, kwa sendoff ya mwezi ujao imeshachelewa, tena usianze sasa hivi mana utaenda ukumbini unabanduka.

MamaBiharusi_Tabata

Mkorogo zamani kabla sijaolewa, Mungu anisamehe, niliacha.

Kisura wa Sinza

😂😂 sote tumepita huko.

Mfamasia_K

Mama samahani, umesema umepungua kwa kukata wanga, hiyo sawa. Ila kwa anaesoma na kapungua bila kutaka, uso umeingia ndani ghafla, huyo asikimbilie fila, akapime sukari kwanza na tezi ya shingo na vipimo vingine. Nimeona watu wanaziba shimo wakati ugonjwa uko ndani unaendelea.

NesiUpanga

Muda upo ila usichezee. Botox inaanza kuonekana siku ya tatu mpaka ya tano, inakamilika kama wiki mbili, na kliniki nzuri itakuita wiki ya pili wakuangalie kama upande mmoja umezidi. Kwa hiyo fanya wiki nne kabla ya shughuli, pasipungue wiki tatu. Ukipitiliza hapo acha, tafuta mpambaji mzuri tu, ndita mbili mpiga picha anazipunguza kwa taa.

Nenda kwa daktari wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha maumbo, kwenye kliniki yenye usajili wa Wizara ya Afya. Bima haitalipa, urembo unajilipia mwenyewe. Siku hiyo omba ufunguliwe kichupa mbele yako usome jina na tarehe. Waambie kila dawa unayokunywa, beba na pakiti zake. Za presha nyingi hazina shida, ila kama kwenye hizo pakiti kuna aspirini utavilia damu kirahisi, na usiiache mwenyewe kama uliandikiwa kwa ajili ya moyo, muulize aliyekuandikia. Kama umechomwa jentamisini, ile antibayotiki, karibuni pia sema, inaongezea nguvu ya hii dawa. Mwenye ugonjwa wa misuli kuchoka, ule miasthenia, hii sio yake kabisa. Ukishachomwa usiisugue sehemu, usilale kifudifudi masaa manne matano, masaji ya uso na stimu saluni subiri. Ukiona unashindwa kumeza, sauti inabadilika au pumzi inakuwa fupi, hata kama zimepita siku kadhaa, ni hospitali moja kwa moja usianze kuuliza humu.

Mzee Kijiweni

Mfamasia nimekuelewa, habari ya watoto wenye mtindio nilikuwa siijui. Lakini kitenge ni kitenge.

Mtani wa Buguruni

Mzee kakubali nusu, andikeni tarehe hii jamani.

MamaBiharusi_Tabata

Nimepiga simu kliniki moja leo, wameniambia wiki ijayo naonana na daktari kwanza, siku hiyohiyo hawachomi mpaka aniangalie. Mdada wa Mbezi kaniblok 😂 na kwenye kamati watatu walikuwa wameshatuma advansi, nimewawekea huu uzi wausome wenyewe.

Dada Mbagala

Samahani naingilia, mimi nina miaka 34 nina mistari ya paji la uso, nina mtoto wa miezi mitano nanyonyesha, naweza kuchoma?

NesiUpanga

Subiri umwachishe. Mjamzito na anaenyonyesha hatuwachomi.